Kibao chenye Jina la Matayo

Nara, Japani
4 Machi 1966

Mama mpendwa,

Hamjambo hapo Dabani? Mimi mzima, ila baridi inaniuma masikio. Jumapili mwalimu wangu wa mashine za kufuma alinipeleka kuona hekalu lao la kale. Mama, ukumbi mzima ni mbao! Nguzo moja, watu wawili hawaikumbatii. Tulivua viatu, ndani giza, sakafu inalia ukikanyaga. Nje wanatundika vibao vya maombi. Nami niliandika jina la mtoto tunayemngoja na mke wangu Benedeta: Matayo, kama Baba. Mwambie Baba afurahi.

Mwanao,
Wanjala

Dabani
2 Aprili 1966

Mwanangu Wanjala,

Pokea salamu nyingi kama wimbi ghalani. Benedeta hajambo, miguu tu imevimba. Barua yako nimewasomea akina mama kanisani. Syprose alinuna! Nikamwambia, "Mwanao amevuka mpaka wa Malaba tu, wangu amevuka bahari."

Lakini pale pa jina niliruka. Wewe, shule imekusahaulisha? Kwetu mtoto hapewi jina tumboni. Akizaliwa akalia, tunamtajia marehemu. Anayemtaka akitajwa, ananyamaza. Marehemu, Wanjala! Baba yako yuko shambani sasa hivi analima mihogo. Sijamwambia. Rudi kwa wale watu, uombe kibao chako. Una adabu, nilikulea mimi, watakupa.

Mama yako,
Taaka

Nara
6 Mei 1966

Mama mpendwa,

Poleni na kazi. Nilirudi. Vibao vikijaa huvichoma, ndiyo desturi yao. Mzee wa pale alinionyesha majivu, akatabasamu: "Ombi lako limeshapokelewa." Usiogope, Mama. Ni mbao tu.

Mwanao

Dabani
19 Juni 1966

Mwanangu,

Benedeta amezaa mvulana, paji la uso lako kabisa, hakuna mzuri kama yeye Busia nzima. Lakini alilia tangu alfajiri hadi kuku wakaingia bandani. Tulimtajia babu zako wote, hata kaka yangu aliyezama mtoni. Akawakataa. Mkunga wetu Kevina, mgeni kutoka Mwello asiyejua mila zetu, akachoka, akamtania: "Basi unamtaka Matayo?"

Kimya. Akashika ziwa.

Baba yako alikuwa mlangoni. Hakukasirika. Aliuliza tu, "Na mimi je, ni nani?"

Sasa anashinda amelala. Nikimpelekea chakula anageukia ukutani, ananiambia, "Mpelekee Matayo."

Waulize hao watu wako kama ombi hurudishwa. Waulize leo.

Mama yako