Siku Babu Yako Hakuitikia

Mpwa wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Mama yako ni mzima, na viazi vyangu mwaka huu vimewatia aibu watu wote wa Mlola.

Unauliza kama si upuuzi kusomea udaktari miaka yote hiyo ili kupitisha mrija kwenye mshipa wa pajani mpaka ubongoni, kuzibua mshipa ulioziba bila kupasua kichwa. Nisikilize mjomba wako.

Enzi za vijiji vya ujamaa, babu yako aligombana na mwenyekiti wa kijiji kwa sababu ya kuhamishwa. Kesho yake nikamwamkia, "Shikamoo baba." Kimya.

"Ana hasira huyo, mwacheni zipoe," wakasema watu wa nyumbani.

"Baba huwaitikia hata walevi," nikawaambia. "Huyu ni mgonjwa." Kumtazama vizuri, mdomo umekwenda upande.

Nikambeba mgongoni mpaka hospitali ya Lushoto. Lori la mbao nililipita kwenye kona, na dereva wake hajanisamehe mpaka leo. Mate ya baba yalinilowesha shingo, nami nikawa narudia njia nzima, "Shikamoo baba. Shikamoo baba."

Daktari akampima, akasema, "Mmemwahisha sana. Nadhani mshipa wa kichwani umeziba, ila hapa hatuna mtaalamu wa kuufikia."

"Basi yuko wapi, nimpeleke?"

Akatikisa kichwa, akaanza kumfuta baba mate.

Babu yako aliishi, lakini marahaba hakuitamka tena. Nikimwamkia, aliniinulia mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikufa.

Kwa hiyo soma, mwanangu. Siku ile mbio tulikuwa nazo. Aliyekosekana ni wewe.

Mjomba wako,
Elia