Wa Kufutwa Kinuni

Kwa Mama yangu mpenzi, Bagamoyo.

Shikamoo Mama, na tena shikamoo. Mjomba anayekusomea naye shikamoo, na tafadhali asome polepole, asiruke neno kwa kuogopa utalia. Mimi ni mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya Nairobi inaniingia mpaka mifupani. Kifua chako je? Ile dawa niliyokutumia unainywa, au unawamwagia kuku? Nakujua mimi.

Nimesikia mashine ya kukoboa mpunga imefika huko, na hakuna anayekuita tena kutwanga, hata kwenye harusi. Imeniuma sana. Mchi ndio ulionilisha, ndio ulionivisha kanzu ya chuo cha Kurani. Sasa sikia mambo ya dunia: hapa kwenye kiwanda cha kupiga chapa tunatengeneza kitabu cha watoto, chenye picha za kazi zilizokufa. Yumo mpagazi wa misafara, yumo mpiga mbiu na pembe lake. Msimamizi akaniambia, "Wewe mtu wa pwani, tuchoree watwangaji." Najua mwalimu wa chuoni alitukanya kuchora viumbe, lakini ndiyo riziki yangu. Nikachora.

Mkono ukaenda wenyewe, Mama. Ukachora uani kwetu: wewe, Shangazi, na marehemu dada Mwanahawa, michi mitatu kinu kimoja. Wako umeshuka, wa Shangazi unapanda, na Mwanahawa ameuachia wake hewani ili apige kofi kabla ya kuudaka, vile alivyokuwa akikuudhi ukamwita mwendawazimu. Nilipomaliza nikalia mbele za watu. Tangu afe kwa uzazi nilikuwa sijamlilia. Habari ilinifikia hitima imeshasomwa, na ruhusa ya kuja nikanyimwa.

Msimamizi akaitazama picha, akasema, "Nzuri, ila ukurasa ni mdogo. Futa mmoja, wabaki wawili."

Nikamwambia, "Bwana, hawa ni watu wangu."

Akacheka. "Watu wako wako kwenu. Hii ni karatasi tu. Kama huwezi, yupo atakayeweza."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ningeweza kumtupia kalamu zake usoni, lakini dawa yako ingetoka wapi?

Nikakaa na ule mpira wa kufutia mkononi, nawatazama mmoja mmoja. Nimfute Shangazi? Thubutu! Angekuja Nairobi kwa miguu kunitukana. Nimfute Mwanahawa? Nikamkumbuka mwanawe, huyo unayemlea, ambaye hakupata kuuona uso wa mama yake. Na sura ya Mwanahawa haipo popote duniani ila kwenye karatasi ile. Mkono ukakataa kabisa.

Basi nimekufuta wewe, Mama. Nilianza na mchi, nikafuatia miguu, uso nikauacha mwisho. Uniwie radhi. Nilijihisi kama ninayemzika mtu aliye hai.

Mjomba nampa mkono kwa kazi ya kusoma. Shangazi mwambieni katika picha kapendeza kuliko alivyo. Shemeji yangu, mume wa marehemu, nampa pole tena. Mungu ampe subira. Mtoto mbusuni mashavu yote mawili.

Kitabu kikitoka nitakituma, ili mtoto aonyeshwe mama yake. Mjomba amsomee na maneno yaliyo chini ya picha, asimfiche: "Hawa walikuwapo zamani. Siku hizi hawapo tena." Shangazi asitishike, yeye atatuzika sote. Lakini wewe humo, Mama. Nimekutoa kwa mkono wangu mwenyewe. Kwa hiyo kunywa dawa, nakusihi, kunywa mpaka iishe. Siku mtoto atakapouliza mbona bibi hayumo, nataka awe amekaa mapajani mwako.

Mwanao anayengoja radhi zako,
Shomari