Sauti ya Breki Niliyomnunulia Mjomba

Jumamosi, baada ya alasiri. Mvua imeshika tangu adhuhuri na sasa imebaki kudondoka kwenye bati la jiko. Nyumba inanuka iliki na dawa ya vidonda.

Wiki hii nimempiga mtu, na sikunyanyua mkono.

Wanaofungua ukurasa huu huja kusoma habari za sauti za injini. Leo sina tathmini. Au ninayo, lakini si ya aina ile.

Kwa aliyefika leo: naishi Malindi, mji usio na reli. Treni ya kweli nimepanda mara moja tu, Mombasa hadi Nairobi, na iliposimama nililia kwa sababu safari imekwisha. Nyingine zote naziendesha kwenye kompyuta kuukuu ambayo hoteli moja ya Watamu iliitoa ilipokuwa ikibadilisha vitu vya ofisini. Nikipata pesa za kupaka watu hina, nanunua treni za nyongeza za mchezo. Wenzangu hutazama rangi na vioo. Mimi huvaa hedifoni nikafumba macho. Injini yenye sura nzuri na sauti ya uongo ni kama biriani ya kwenye kalenda.

Shuleni, kule bweni ninakorudi likizo ikiisha, siongei. Mwalimu akiniuliza swali, jibu huwa nalijua kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na halitoki kwa lugha yoyote. Mashine hazinidai jibu.

Mjomba Athmani, kaka yake mama, alihamia kwetu baada ya Ramadhani. Baba yuko Oman kikazi, na watu walisema ni vizuri nyumba iwe na mwanamume. Mjomba alikuwa dereva wa treni za mizigo kwenye reli ya zamani. Siku ya kwanza alisimama nyuma ya kiti changu akasikiliza.

"Hii ni treni au mashine ya kusaga mahindi?"

"Ni treni, mjomba."

"Muulize vizuri aliyekuuzia. Mimi nasikia unga."

Nilicheka, mimi nisiyecheka na watu wazima. Akanifundisha kwamba treni ya mizigo inapoanza kuondoka, mabehewa hayaondoki pamoja. Kila moja humvuta mwenzake, ka, ka, ka, ka, mpaka la mwisho. Treni isiyo na mlio huo, akasema, usitoe pesa yako. Nilidhani nimepata mtu wangu.

Kisha siku moja nikavuta breki ya dharura, spika ikiwa wazi. Mjomba alitoka mbio akatapika kwenye mtaro. Mama akanieleza jikoni huku akikuna nazi: miaka mingi nyuma, huko bara, treni yake ilimkanyaga mwanamke aliyekuwa akivuka reli na mzigo wa kuni. Alipiga honi, mama alisema, akapiga na kupiga, na yule mwanamke hakusikia. "Tangu siku hiyo kakangu ameharibika. Mkono wake umekuwa mwepesi. Si yeye, mwanangu. Ni ile treni."

Tangu hapo sikuchomoa hedifoni tena, mpaka wiki hii.

Mkono mwepesi nilikuja kuujua. Alinichapa kwa mshipi kwa kuchelewa kumfungulia mlango. Alimpiga teke paka wa jirani aliyerukia samaki, paka akagonga ukuta na hakuinuka. Mimi ndiye niliyemzika. Kila mara mama alisema ni ile treni.

Jumanne alimpiga mama.

Mchuzi ulizidi chumvi, basi. Alimpiga kwa nyuma ya mkono, mdomo ukapasuka. Tone la damu likaanguka kwenye sahani ya mama, naye akalifunika kwa wali mwingine ili nisilione. Akaendelea kula. Nilikuwa na kijiko mkononi na nilikaa vile vile, kama picha.

Kwetu mtoto wa kike hamjibu mjomba. Mjomba ni mama wa kiume, na radhi yake ni kama ya mzazi. Basi nikawaza ni kitu gani ninachoweza mimi.

Jumatano nikanunua. Nilitafuta injini ya dizeli ya aina ile ile aliyoendesha, nikasoma maoni ya wanunuzi, moja baada ya jingine, nikitafuta neno breki tu. Mmoja aliandika kwamba breki zilirekodiwa kwenye injini yenyewe, na kwamba mara ya kwanza kuzisikia alirudi nyuma na kiti. Hiyo ndiyo niliyoilipia. Pesa zote za hina za Idi.

Niseme wazi, maana kuna atakayesoma akanihurumia. Sikuteleza. Nilichagua kama mtu anayechagua kisu sokoni, anapitisha kidole kwenye makali.

Alhamisi mjomba alilala kwenye mkeka sebuleni. Mama alikuwa ametoka kupeleka mahamri dukani. Nilichomoa hedifoni, nikapandisha spika hadi mwisho. Nikaendesha mizigo kwa kasi kuelekea kivukio, nikapiga honi, nikavuta breki.

Sauti ile najua kuieleza, ndiyo kazi yangu hapa. Kwanza hewa inatoka kama mtu aliyekanyagwa kifua. Kisha chuma kinalia juu ya chuma, kwa muda mrefu kuliko unavyodhani kinaweza. Halafu mabehewa ya nyuma yanakuja kugongana. Mwisho injini inabaki ikinguruma pale pale, taratibu, kana kwamba haikufanya kitu.

Mjomba aliinuka hata hajaamka. Akaita jina nisilolijua.

Nikarudisha nyuma, nikavuta tena. Nikarudisha, nikavuta tena.

Mara ya tatu alipiga ngumi kwenye kioo cha dirisha. Mkono ukapita hadi kiwiko, akauvuta kupitia vipande vile vile. Damu iliruka mpaka kwenye kompyuta. Akaikamata spika akaipasua ukutani, kisha akanikamata mimi shingoni kwa mkono ule ule uliolowa, akanibana kwenye kabati. Macho yake hayakuwa yakinitazama. Pumzi iliniishia, masikio yakaziba, na hili ndilo linaloninyima raha tangu juzi: nilifurahi. Nilimwona anaumia nikafurahi.

Mama aliingia na sinia tupu. Alimpiga nalo kichwani, na akarudia, mpaka akaniachia.

Hospitalini walimshona nyuzi kumi na moja. Mama aliwaambia ameteleza akaangukia dirisha. Mimi aliniambia, "Ulisahau hedifoni." Halikuwa swali. Nikaitikia kwa kichwa.

Leo asubuhi akanijia na khanga yake ya kutokea begani.

"Jumatatu unarudi bweni. Hutoki nyumba hii bila ya radhi ya mjombako."

"Na mdomo wako, mama?"

"Mdomo wangu ni wangu. Nenda."

Kwetu hakuna anayesafiri au kuingia kwenye mtihani na kinyongo cha mkubwa mgongoni. Nilimkuta ameketi kitandani. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nikapiga magoti nikaubusu mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia umefungwa bandeji.

"Niwie radhi kwa zile kelele, mjomba. Nilisahau hedifoni."

"Nimekuwia radhi. Duniani na akhera."

Nilikuwa nishainuka aliposema, "Keti kwanza." Nikaketi sakafuni.

"Ile treni yako mpya. Breki ni zenyewe. Mwambie aliyeitengeneza: mjomba wangu kasema ni zenyewe."

"Nitamwambia."

"Lakini wewe ulipiga honi."

"Ndiyo, mjomba. Pana kivukio pale."

"Mimi sikupiga."

Nikaangalia bandeji.

"Mkono wa honi ulikuwa na kazi nyingine," akasema. "Msaidizi wangu alinijibu jeuri. Nikamzaba kofi. Nikamzaba la pili. La tatu ndipo tukasikia ule mshindo." Akajifuta uso kwa mkono wa kushoto. "Tukaandika kwamba honi ilipigwa. Mume wa yule mwanamke akaambiwa mkewe alikuwa kiziwi ama mpumbavu, achague mwenyewe. Mamako hajui. Wewe ni mtu wa sauti, ndiyo nikakwambia."

Nilitoka mle chumbani.

Kwa hivyo mkono ulikuwa mwepesi kabla ya treni. Treni haikumharibu mtu. Mama amesamehe mshipi, amesamehe paka, amesamehe mdomo wake mwenyewe, yote kwa ajili ya honi ambayo haikulia. Na Jumatatu mimi naondoka, atabaki naye peke yake.

Kisha kuna langu. Yeye makofi matatu, mimi breki tatu. Hesabu hii siipendi, lakini sioni pa kuikosoa. Na katika chumba kile, aliyesema kweli alikuwa yeye.

Nilikwenda jikoni. Mama alikuwa anakanda unga. Nilisimama karibu na mlango na kwa mara ya kwanza maneno yalitoka yote, kwa mpangilio, kama ya mtu mwingine. Honi. Msaidizi. Mume aliyedanganywa. Halafu nikasema, "Na mimi sikusahau hedifoni."

Mikono yake ilisimama ndani ya unga.

"Amekwambia mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Na wewe ulikusudia."

"Nilikusudia, mama. Niliinunua kwa ajili hiyo."

Alinizaba kofi. La kwanza tangu nizaliwe, na hakulipunguza. "Hilo ni lako," akasema.

Kisha akaosha mikono, kidole kwa kidole, akaingia chumbani kwa mjomba, na nikamsikia akivuta kiti hadi kwenye kabati na kulishusha begi lililokuwa juu.

Nimekaa hapa naandika, shavu bado lina unga. Hedifoni ziko mezani na sitaki kuzivaa. Nasikia nguo zinakunjwa. Namsikia mjomba, kwa sauti ya chini ambayo sijamzoea nayo: "Wanifukuza mimi, kakako?" Mama anaendelea. Anakunja. Zipu inakwama, anairudisha, inapita.

Sijui kama atanyanyua mkono. Nimeuacha mlango wangu wazi, na sinia liko hapa miguuni.

Radhi aliyonipa niliipata kwa uongo, kwa hivyo siichukui. Kofi la mama ni la haki. Jumatatu nitasafiri nalo.