Kipaza Sauti Kwenye Mizinga ya Nyuki

Sagalla, Voi

Mpendwa Baba,

Natumaini goti la Mama limepata nafuu tangu baridi ipungue huko Kimilili, na kwamba wewe bado unaongoza matanga kwa sauti inayofika ng'ambo ya mto. Mimi ni mzima, isipokuwa sikio la kushoto, lililovimba kama andazi. Sababu utaijua hivi punde.

Umeniagiza niache kazi hii, nikauze bima katika kampuni ya rafiki yako, "ukazoee watu, kabla ukimya haujakumaliza." Kwa heshima zote, Baba, nakataa. Tangu utotoni umenitibu ukimya kana kwamba ni malaria: mara klabu ya mjadala, mara kwaya, mara matangazo ya kanisa. Nimesoma vitabu vingi juu ya jambo hili na nilikusudia kukushinda kwa hoja zake, lakini yaliyotokea hapa yanatosha.

Kazi yetu, kama ujuavyo, ni kuwasaidia wakulima kuzungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye huyaacha mahindi. Msimamizi wangu, Bwana Mwakio, alikuwa ameniapia kwamba asiyeweza kuhutubia baraza hatathibitishwa kazini. Baraza langu likapangwa shambani kwa Mama Mghoi, mjane anayelima pojo na mahindi. Asubuhi hiyo Bwana Mwakio akafunga kipaza sauti kwenye nguzo ya mizinga.

"Mzee, nyuki hawapendi mtetemo," nikasema.

"Ala! Wafula, leo umepata mdomo?"

Watu wakacheka. Nikarudia, kwa sauti ile ile: "Tukihamishe, tafadhali." Akawasha muziki wa kuwaita wananchi.

Baba, waliotangulia kuitikia ni nyuki. Wazee walitupa bakora wakatimka. Bwana Mwakio alijifungia garini, pamoja na nyuki walioingia naye. Nilichomoa waya wa kipaza sauti, nikamshika mkono Mama Mghoi, nikamwambia ajifunike uso kwa leso, atembee polepole, asipunge mikono. Hapo ndipo sikio langu lilipolipa ushuru.

Tulijibanza jikoni kwake pamoja na wakulima wengine. Akining'oa miiba, Mama Mghoi akasema, "Haya, mtu wa bara. Mkubwa wako ameshahutubia nyuki. Sasa wewe tuambie sisi."

Nikaeleza nikiwa nimeketi kigodani, kwa sauti yangu hii unayoijua. Wakasogea. Wakauliza, nikanyamaza, nikafikiri, nikajibu, na hakuna aliyeniharakisha. Nyuki walipotulia, hapakuwa na mkulima jikoni humo ambaye hakutaka mizinga shambani mwake.

Juzi Bwana Mwakio alinithibitisha kazini. "Sauti bado huna," akaniambia, mdomo wake ungali umefura. "Lakini ulinionya mara mbili. Kosa halikuwa la koo lako, lilikuwa la masikio yangu."

Usidhani nimegeuka msemaji. Kila baada ya mkutano bado natafuta njia isiyo na watu, nipande kilima peke yangu hadi kichwa kitulie, wala sioni tena haja ya kuomba radhi. Nilichojifunza ni hiki: mtu mnyamavu ana wajibu wa kusema neno lake linapohitajika, na kulirudia likipuuzwa. Zaidi ya hapo, hana deni la kelele kwa mtu yeyote. Kama una hoja ya kupinga, iandike. Kwenye karatasi hunishindi.

Msalimie Mama, aliyenitetea siku zote kwa kunipa chai bila maswali. Msalimie dada Nekesa na wanafunzi wake, na babu yetu Kuka, ambaye ukimya wangu naamini nimeurithi kwake.

Miaka yote nimekusihi usisome barua zangu mbele ya wageni. Hii isome, Baba, tena simama uisome kwa sauti yako yote. Ukifika kwenye sikio, tua kidogo, wacheke.

Mwanao,
Wafula