Mahindi Yasiyouzwa

Mtito Andei,
Ijumaa asubuhi.

Kwako dada yangu Kalekye, mwiitu wa mwaitu, binti wa mama yangu,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi nje ukiota jua na si kwamba umelala kitandani. Binti yangu aliyeolewa kule Tulia aliniambia goti lako la kushoto limeanza tena kuvimba, na kwamba unakataa kwenda zahanati kwa sababu ni mbali. Niambie ukweli, linakuuma ukisimama au ukiinama? Na mbuzi wamebaki wangapi? Kisima cha mchanga pale mtoni bado kinatoa maji, au mmeanza kufuata yale ya chumvi? Mimi mwili uko sawa, ila kifua kinanibana kwa vumbi la malori na macho yamepungua. Ndiyo sababu mistari yangu inapanda na kushuka hivi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa kuwa simu haifai kwa jambo hili. Wewe kwenye simu husema tu mko salama, halafu mtandao unakatika. Namwomba Mama Mchungaji, ambaye najua ndiye anayekusomea, asiruke mahali popote, hata pale ninapojisema vibaya. Asome polepole, na wewe usimkatize.

Mji huu umenichosha, dada. Nimekaa hapa miaka minne tangu nistaafu kazi ya barabara, nikilinda geti la yadi ambamo malori ya Mombasa hupumzika, na kila mwaka naona mambo yakizidi kuoza. Vijana wenye mikono mizima wanakaa kivulini tangu asubuhi wakicheza kamari kwenye simu. Serikali inajua. Inaitoza ushuru hiyo kamari, kisha inatangazwa redioni katikati ya nyimbo za injili, na hakuna anayeona ubaya. Watoto wa shule wanapita mbele yangu bila kunisalimia. Juzi mmoja aliniita "budaa", nikamuuliza baba yake ni nani, akacheka akaenda zake.

Kaunti nayo iliita mkutano wa kuchukua maoni ya wananchi kuhusu soko jipya. Nilivaa koti, nikayaandika maoni yangu kurasa mbili kwa mwandiko safi. Tulipofika tukapewa soda na tisheti, tukatia sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, na kabla mtu hajafungua mdomo mwenyekiti akatushukuru kwa kukubali. Tumekubali nini? Nilisimama kuuliza nikaambiwa muda umekwisha, watu wanaenda kula. Tisheti sikuchukua. Soda niliinywa, nakiri, jua lilikuwa kali.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Unaujua msimamo wangu kuhusu mwolyo. Nimesema miaka mingi, na bado nasema, kwamba hiki chakula cha msaada kimetuharibu. Mama yetu alichimba mitaro na wanawake wenzake wa mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule, wakiimba, na hakuna aliyewaletea gunia lenye picha ya mheshimiwa. Leo mtu anaona mawingu, na badala ya kutafuta jembe anauliza majina yataandikwa lini. Wakubwa nao wanapenda hivyo hivyo. Mtu mwenye njaa hawasumbui kwa maswali ya barabara na mabwawa. Wakisikia kiangazi, nyuso zao zinang'aa.

Na ni kwa sababu ya msimamo huo nilikufanyia nilichokufanyia Desemba. Nilikukuta umerudi kutoka kwa chifu na beseni kichwani, umesimama foleni tangu alfajiri na goti lako hilo, nami nikakugombeza mbele ya majirani. Nilisema umeiaibisha nyumba ya mama. Wewe ulitua beseni chini ukaniambia, "Muinde, nimepanda mara tatu na mvua haijanyesha. Unataka nipande mara ya nne nikiwa nimelala njaa?" Nilikuwa na jibu, kwa maana mimi sikosi jibu, na kesho yake nikapanda gari nikaja zangu huku nikijiona mtu wa maana sana. Tangu siku ile hatujaongea vizuri.

Basi sikiliza yaliyotokea Jumapili.

Jumamosi alasiri iliingia lori moja hapa yadini likitoka Mombasa. Ni kawaida yangu kusoma karatasi za mzigo kabla sijafungua geti, kwa hiyo niliona mwenyewe: mahindi ya msaada, yanakwenda Tseikuru. Nilifurahi kidogo kwa kuona tu jina la nyumbani limepigwa chapa. Dereva alikuwa mtu wa maneno matamu. Akaniambia atapumzika, ataondoka Jumatatu.

Jumapili asubuhi ilikuwa zamu yangu, kwa hiyo sikwenda kanisani. Mwenye yadi, Bwana Mbithi, alikwenda. Yeye ni mzee wa kanisa letu, ndiye hutangaza sadaka. Kabla ya kuondoka aliniambia kuna pikapu itakuja saa nne, niifungulie. Ilikuja, nikaifungulia, nikarudi kwenye benchi langu na Biblia yangu.

Baada ya muda nikasikia sauti kama ya mvua kwenye mabati. Nikainua kichwa, mbingu nyeupe kabisa. Nilizunguka nyuma ya banda, na hapo nikamkuta dereva na mwenye pikapu wametandaza turubai. Walikuwa wakifungua magunia yale, yenye muhuri mkubwa kwamba chakula hiki hakiuzwi, na kumwaga mahindi chini, kisha wanayatia kwenye magunia mengine yasiyo na maandishi. Walifanya polepole, bila haraka, kama watu walioko shambani kwao. Hata hawakushtuka waliponiona.

Nilimuuliza dereva anafanya nini. Akasema, "Mzee, ni magunia machache tu. Watu wa kule wamezoea kupata kidogo."

Dada, nimefanya kazi ya barabara miaka thelathini. Nimeona wizi wa saruji, wa dizeli, wa kokoto. Lakini neno lile la wamezoea sijawahi kulisikia kwa mwizi yeyote. Nilimwambia ayarudishe. Akacheka, akampigia simu Bwana Mbithi.

Bwana Mbithi alifika ibada haijaisha, na suti yake na Biblia kwapani. Hakunigombeza. Alinishika bega kwa upole, akanivuta pembeni, akasema, "Mzee Muinde, si wewe ndiye husema kila siku kwamba chakula hiki kimewafanya watu wako wavivu? Sasa unakililia nini?"

Maneno yale yalikuwa yangu kabisa. Nimeyasema kwenye benchi la geti, nimeyasema kwenye kikao cha wazee wa kanisa, na yeye alikuwa akitikisa kichwa kukubali, nami nikidhani nimepata mtu mwenye akili. Kumbe aliyachukua akayatunza, hadi siku ya kuyatumia. Na ubaya ni kwamba yalimfaa vizuri. Nilijichukia pale. Nilimwona yeye mchafu, halafu nikaona uchafu ule una alama za vidole vyangu.

Nilisimama pale nikitazama mahindi kwenye turubai. Nikakuona wewe umeshika beseni, umefika mbele ya foleni, na karani anakwambia yamekwisha, mama, rudi wiki ijayo. Nawe unarudi nyumbani na beseni tupu, na juu ya hayo mimi nakugombeza.

Bwana Mbithi alidhani nimekubali. Akaenda kuongea na mwenye pikapu. Mimi nikarudi getini, nikavuta komeo, nikatia kufuli, ufunguo nikautia mfuko wa ndani wa koti. Kisha nikapiga simu kituo cha polisi, nikaketi.

Pikapu ilipokuja imeshapakiwa, ilipiga honi. Sikuinuka. Bwana Mbithi alikuja kwanza kwa kubembeleza, akanikumbusha ni nani alinipa chumba nilipofika hapa sina pa kulala. Ni kweli, alinipa. Kisha akaanza kunitisha. Nikamwambia anaweza kunifuta kazi saa hiyo hiyo, lakini geti litafunguliwa polisi wakifika. Alijaribu kuingiza mkono kwenye koti langu achukue ufunguo. Mwanamume wa kanisa na suti yake, anamng'ang'ania mzee mwenzake koti mbele ya watu wanaotoka ibadani. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Watu walianza kukusanyika nje. Mwende, mama mwenye hoteli ya ng'ambo ya barabara, aliuliza kupitia vyuma vya geti kuna nini, nikamweleza kwa kifupi. Akauliza mahindi yanakwenda wapi. Nikamwambia Tseikuru. Alikwenda kwake, akaleta stuli, akaiweka katikati ya njia kwa upande wa nje, akaketi na aproni yake. Madereva wawili watatu wa malori mengine wakaja kusimama pamoja naye. Hapo ndipo Bwana Mbithi aliponiachia koti.

Polisi walifika saa nane, wawili. Nilidhani sasa mambo yatanyooka. Walizunguka lile turubai, wakamwita Bwana Mbithi kando, wakaongea wakicheka, kisha mkubwa wao akarudi akatuambia kwamba mahindi yarudishwe kwenye lori na lori liendelee na safari, na mambo yaishie hapo. Gunia moja watalichukua kama ushahidi. Nilitafuta sindano ya gunia na uzi, nikaketi chini nikashona midomo ya magunia yale kwa mikono yangu, moja baada ya jingine, maana sikutaka dereva ayaguse. Mwende alinishikia. Ilituchukua hadi jua kuelemea, na lori likaondoka jioni ile ile. Kama lilifika lote sijui. Barabara ni ndefu, na dereva ni yule yule. Niandikie uniambie.

Jumapili ile ile Bwana Mbithi alinifuta kazi, nikatoa vitu vyangu kwenye chumba cha yadi. Sasa naishi kwenye chumba cha nyuma cha hoteli ya Mwende, namsaidia kuchambua maharagwe na kuteka maji. Kanisani sijarudi. Nilipata habari kwamba niliombewa kwenye maombi ya katikati ya wiki, ili Mungu aniondolee roho ya uchochezi, na aliyeongoza maombi unaweza kumkisia mwenyewe.

Dada, msimamo wangu haujabadilika kuhusu mwolyo. Bado naamini mtu anaharibika akilishwa mwaka baada ya mwaka bila kuchimbiwa hata bwawa moja. Hilo nitalisema mbele ya yeyote. Lakini nililisema kwa mtu asiyestahili, na nililisema kwa sauti kubwa kwa kuwa wewe ni dada yangu na huwezi kunifanya kitu. Waliostahili kuambiwa, niliketi nao kwenye viti vya mbele nikawatia moyo. Nisamehe. Mama Mchungaji, tafadhali rudia hapo mara mbili.

Jumatano nilikwenda kituoni kuuliza kesi imefika wapi. Afisa wa mezani, kijana anayetosha kuwa mjukuu wangu, alifungua kitabu, akapekua, akasema hakuna kitu kilichoandikwa. Nikauliza gunia la ushahidi liko wapi. Akatazama upande wa jikoni, na mimi nikatazama, na nikanusa. Walikuwa wamepika isyo, dada. Ushahidi ulikuwa unatokota kwenye sufuria pamoja na maharagwe.

Nilitaka kuondoka. Kwa kweli niligeuka hadi mlangoni. Kisha nikarudi, nikamwambia nataka kuandikisha taarifa. Akasema haiwezekani kwa sababu hakuna mlalamishi. Mwenye yadi halalamiki, mwenye lori halalamiki, serikali yenyewe haijalalamika. Nikamwambia mimi nalalamika. Akaniuliza kwa heshima, si kwa ubaya, "Lakini wewe mzee, ni nani kwa haya mahindi? Nikuandike kama nani?"

Nilifikiri niseme mlinzi, lakini kazi ile nimeshafutwa. Nilifikiri niseme raia mwema, nikaona ni maneno ya mikutanoni. Nikamwambia, "Andika kwamba mimi ni ndugu ya mwenye mahindi." Akaniuliza jina la mwenyewe. Nikampa jina lako, lote, na la baba, na kijiji, na nikamwambia anatumia beseni la bluu. Hilo la beseni hakuliandika, lakini jina aliliandika, nimeliona kwa macho yangu, na nikatia sahihi chini yake. Wamesema niwe karibu, nitaitwa. Huenda wasiniite kamwe. Lakini siwezi kuja nyumbani hadi nione mwisho wa kesi hii.

Nisalimie mjomba wetu, na umwambie dawa ya macho nimempata mtu wa kumletea. Binti yangu wa kule Tulia akija sokoni mwambie baba yake ana mahali pa kulala, asije huku kunitafuta. Mjane wa marehemu kaka yetu mpe mkono wangu. Na Mama Mchungaji ninamshukuru kwa sauti yake, kama hakuruka kitu.

Ni mimi, niliyezaliwa baada yako,
ndugu yako Muinde.