Kiti Katikati ya Duara

Jumapili, 2 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Hujambo, na goti la Baba linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila miguu imechoka kwa kusimama mbele ya watoto, kazi uliyoifanya miaka mingi na sisi wanao hatukukupa hata pole.

Usishtuke, viola yangu sijaiacha. Kikundi chetu cha watu wanne, vayolini mbili, viola yangu iliyo kubwa kidogo kuliko vayolini, na selo ile kubwa inayosimamishwa sakafuni, kimepata kazi katika shule moja ya msingi hapa mjini. Kila Jumanne, muhula mzima, tunakwenda kuwapigia watoto wa darasa la tano na kuwafundisha kushika upinde, ule ufito wa kusugulia nyuzi. Sindano, yule mwenzetu wa vayolini ya kwanza tuliyempa jina hilo kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, aliamini watoto watatulia wakituona tumevaa nguo nyeusi za jukwaani. Walitulia kidogo tu. Kisha mmoja akauliza kama ndani ya selo kuna mtu, na darasa zima likataka kuchungulia.

Mwalimu mkuu naye aliuliza bosi wetu yuko wapi, yule wa kusimama mbele na kifimbo. Nikamweleza kwamba vikundi vidogo kama chetu havina mtu huyo. Tunakaa kwa duara, tunaangaliana, mmoja anavuta pumzi na wote tunaanza. Aliniangalia kama mtu anayeuziwa gari lisilo na usukani.

Ndani ya bahasha kuna flashi. Tumerekodi kipande tulichowapigia watoto, mwambie Baba aichomeke kwenye redio. Ningekupigia simu, lakini najua utasema barua inakaa na maneno ya simu yanapotea hewani, basi haya, naandika. Mwisho wa muhula watoto watapiga mbele ya wazazi wao, na sisi pia tutapiga. Miaka tisa nafanya kazi hii na hujawahi kuja kunisikia. Safari hii nakuomba uje.

Ni mimi kitindamimba wako.


Jumanne, 11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili kwa raha. Hapa hatujambo. Goti la baba yako linauma akiambiwa afagie uwanja, na linapona akiitwa na marafiki zake.

Kuhusu hao watoto, nikuambie machache. Usishindane nao kwa kelele, hutawaweza. Shusha sauti mpaka wao wenyewe wajisogeze wakusikie. Huyo aliyeuliza kama kuna mtu ndani ya selo mpe kazi ya kuibeba kila Jumanne, hatakusumbua tena. Na hizo nguo nyeusi acheni nyumbani, mnawatisha walimu.

Flashi tumeipata. Baba yako aliichomeka akatoka zake, nikabaki peke yangu. Mmepiga vizuri sana, hasa pale mwishoni mnaposhuka polepole. Nilifumba macho kabisa. Wape hongera wenzako wote.

Habari ya kuja tutaona. Paa la jikoni linavuja na fundi ameahidi kuja, na fundi akija lazima asimamiwe.

Mama yako.


Alhamisi, 20 Februari

Mama,

Shikamoo. Natumaini mko salama na fundi ametokea. Sisi tunaendelea. Ushauri wako umefanya kazi kuliko vitabu vyote alivyonunua Sindano. Mbeba selo wetu sasa anatusubiri getini, na hakuna ruhusa ya mtu mwingine kuigusa.

Lakini kuna jambo, na sitalizunguka. Jana Sindano alikuja ameinamisha kichwa. Amegundua kwamba siku ile ya kurekodi alisahau kuwasha maikrofoni. Flashi zote alizogawa ni bubu. Hazina sauti yoyote, Mama, tangu mwanzo mpaka huo mwisho unaosema tulishuka polepole.

Nimejaribu kucheka nimeshindwa. Najua ulitaka niwe mwalimu, na najua kupiga viola si kazi unayoweza kuwaeleza majirani ikaeleweka haraka. Kama huipendi niambie huipendi, mimi ni mtu mzima. Kunisifia kitu ambacho hukukisikiliza ndicho kilichoniuma. Sijakasirika, nimeumia tu. Miaka tisa nimekuwa nikidhani ni safari inayokushinda.

Binti yako.


Jumatano, 19 Machi

Mwanangu mpenzi,

Natumaini u mzima. Najua nimekaa kimya mwezi mzima na umeshafikiri yako. Barua hii nimeianza mara kadhaa nikaichana, mpaka baba yako akasema ama niiandike ama yeye aiandike, na wewe unajua mwandiko wake.

Sikio langu la kulia limekufa. La kushoto linasikia radi, na baba yako akifoka. Halikuja ghafla, lilikuwa likipungua kidogo kidogo tangu ulipoondoka nyumbani. Watu wote niliwaambia nimestaafu mapema kwa sababu nimechoka. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Watoto walikuwa wanasoma kwa sauti na mimi naangalia midomo yao. Siku moja mtoto alisoma ukurasa mwingine kabisa, nami nikamwambia, vizuri sana, kaa. Darasa likacheka. Nilicheka nao, na jioni ile nikaandika barua ya kustaafu.

Nawe nimekwambia vizuri sana ile ile. Niliweka kiganja juu ya redio, nikahisi inatetemeka, nikajua ni nyinyi. Sasa naona lilikuwa friji, maana redio inakaa juu yake.

Sababu ya simu umeshaijua, na sababu ya kutokuja ni hiyo hiyo. Naogopa kukaa mbele yako nikiangalia mkono wako unakwenda na kurudi, nisipate chochote, nawe uniangalie usoni ujue. Majirani wote wanajua kwamba mwanangu anapiga viola. Nimewachosha kwa kukusifu. Ila sijui viola inalia vipi, na nimeona aibu kukwambia.

Baba yako anataka niende kwa daktari nikawekewe vile vifaa vya masikioni. Nimekataa. Nikivaa vile, kila mtu ataanza kuongea na mimi kama anaongea na mtoto mchanga.

Nisamehe.

Mama yako.


Jumatatu, 24 Machi

Mama yangu,

Shikamoo tena na tena. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni. Nimelia, kisha nikafika kwenye friji nikacheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Hakuna cha kukusamehe. Mimi ndiye niliyekuwa nakuandikia mambo yangu ukurasa mzima bila kukuuliza yako.

Nisikilize. Tuliacha kitambo kukaa mbele ya watoto. Sasa tunawaweka ndani ya duara letu, wachache wachache kati ya mpigaji na mpigaji. Ukikaa pale unaona kila kitu, nani anavuta pumzi, nani anapandisha nyusi, nani amekosea anajifanya hajakosea. Selo inatikisa sakafu mpaka unaihisi kwenye nyayo. Tumewafundisha vivyo hivyo. Wao pia hawana wa kuwaongoza. Sheria yetu ni moja tu: hakuna kuanza peke yako, msubiri mwenzako avute pumzi. Wameishika vizuri mno, hata mlangoni siku hizi wanasubiriana.

Kiti chako nitakiweka kati yangu na selo, na viatu utavua. Nami sikuombi usikie, Mama. Nakuomba uje tu.

Maonyesho ni Ijumaa, tarehe kumi na moja Aprili.

Kitindamimba.


Jumatano, 2 Aprili

Mwanangu,

Hatujambo, na fundi amekuja hatimaye, amehamisha uvujaji kutoka kushoto kwenda kulia. Nitakuja na basi la Alhamisi. Baba yako atanibebea mkoba, lakini amesema yeye atakaa nyuma na wazazi wengine, mambo ya kuvua viatu hayataki.

Usimwambie mtu habari ya masikio. Niache niwe mama wa mpiga viola, basi.

Mama yako.


Jumatatu, 14 Aprili

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama na basi halikuwachosha. Mliondoka asubuhi mapema hata hatukuzungumza vizuri, na kuna jambo lazima nikuambie, maana nimeulizia kwa Baba nikaona kwamba wewe hulijui.

Tulipomaliza kupiga sisi wanne, ilikuwa zamu ya watoto kupiga peke yao. Tulikuwa tumekubaliana kutowasaidia kwa lolote. Unakumbuka tuliweka pinde chini na mikono magotini. Watoto wakainua pinde zao, na wewe pale katikati ukiwaangalia.

Mama, hawakuanza. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake avute pumzi. Tumewafunza kusubiriana, na hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kuwaambia kwamba lazima awepo wa kwanza. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa. Mzazi mmoja akakohoa. Mwalimu mkuu akaanza kuangalia viatu vyake. Sindano alibadilika rangi, na mimi nikawa nabishana na nafsi yangu, niinue upinde nivunje ahadi au niwaache wadhalilike. Pinde za wale wadogo zilikwishaanza kushuka.

Ndipo wewe ukapandisha nyusi. Ukanyanyua mabega, ukavuta pumzi, ukatikisa kichwa kidogo, na wote wakaanza kwa pamoja. Wimbo wao una noti nne tu zinazojirudia, lakini sijawahi kuona watu wanne wa kulipwa wakianza namna ile, achilia mbali darasa zima. Wewe ulikuwa unatabasamu kana kwamba ndivyo ilivyopangwa.

Baadaye mwalimu mkuu alinivuta pembeni. Akasema, "Si uliniambia hamna bosi? Yule mama ni nani?" Nikamjibu kwamba ni mama yangu na ni mwalimu. Masikio sikuyataja. Ametupa mwaka mzima, madarasa mawili. Sindano amekuwa mpole tangu siku ile, tunaogopa kwamba anaumwa.

Niambie, ulijuaje?

Binti yako.


Jumamosi, 3 Mei

Mwanangu kipenzi,

Marahaba, na hongera kwa kazi ya mwaka mzima. Mwambie mbeba selo namsalimu. Sisi ni wazima, na goti la baba yako limepata mpinzani, utaona huko chini.

Unaniuliza nilijuaje. Sikujua kitu. Niliona watoto wameinua pinde na kila mmoja anamwangalia jirani yake, na uso ule naufahamu, nimeuona kila asubuhi ya kazi. Ni uso wa mtoto anayejua jibu ila hataki kuwa wa kwanza kulisema. Dawa yake ni ile niliyowapa, sijui nyingine. Huo ukimya uliowatesa sikuusikia. Kwangu mimi ni kimya kila siku, kwa hiyo haukunitisha.

Sasa nikuambie yangu. Mlipokuwa mnapiga nyinyi wanne, selo niliihisi miguuni kama ulivyoniahidi. Lakini nilikuwa nakuangalia wewe. Ulikuwa unang'ata mdomo wa chini, vilevile ulivyokuwa unafanya ukijifunza kufunga kamba za viatu. Kuna mahali ulifumba macho, kisha ukayafungua ukamtazama Sindano mkacheka, na mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu, nje ya duara, akafuta machozi. Nilifurahi sana, mwanangu. Ila ndani ya basi furaha ile ikageuka ikawa wivu. Yule mama hamjui mwanangu hata jina, na amechukua kitu chako ambacho mimi sina.

Jumatatu nikaenda kwa daktari bila kumwambia baba yako, ili asinicheke. La kulia ndiyo basi. La kushoto limewekewa kifaa, kidogo kama punje ya haragwe. Siku ya kwanza nilitaka kukitupa, kila kitu kinapiga kelele. Kijiko kinapiga kelele. Friji ni mgonjwa kweli, na fundi wake nimeshamwita. Baba yako kwa miaka yote alikuwa akinung'unika chini chini akiamini hasikiki, na Jumatano nikamjibu. Tangu hapo anafagia uwanja.

Daktari anasema nitahitaji muda kuzoea, na kwamba muziki ndio unaochelewa kukaa sawa. Anasema nianze na chombo kimoja, karibu, ndani ya chumba kidogo. Nimemwambia chombo ninacho.

Kwa hiyo usitume flashi. Shule ikifungwa njoo mwenyewe na viola yako. Wenzako watakuja siku nyingine, mara ya kwanza nakutaka wewe peke yako. Majirani wameanza kuuliza kama wanaweza kuja, nimewaambia hapana.

Na ukipiga vibaya, safari hii nitakwambia.

Mama yako.