Uso wa Ghita Ukutani

Gubbio, Jumatatu ya pili baada ya Pasaka, 1319

Dada yangu Ghita,

Salamu nyingi kwako na kwa shemeji Bindo. Mimi sijambo, ila goti linaniuma kwa kupanda jukwaa la kuchorea. Huko Siena mnaendeleaje? Kikohozi cha shemeji kimepungua?

Kazi ya kanisa la watawa imekwisha. Kwaresima nzima nilihangaika na picha ya ukutani ya Maria akimpokea Mwanawe aliyeshushwa msalabani. Nilimchora kama tulivyofundishwa, mpole, macho chini. Mkuu wa watawa akaitazama sana, kisha akasema, "Huyu mama hajafiwa." Nikaibandua lipu yote, nikaanza upya. Sasa wanawake wanakuja tangu alfajiri, wanalia mpaka wanashikana. Hata muuza maini wa sokoni amelia. Natamani ungekuwepo ujionee.

Mdogo wako,
Meuccio

Siena, siku ya mwisho ya Aprili

Mdogo wangu Meuccio,

Salamu zako zimefika. Bindo bado anakohoa. Mimi ni mzima wa kutembea tu.

Jana jirani yetu Lapa alirudi kutoka hija, naye alipitia Gubbio. Aliniambia pale kisimani, mbele ya wenzangu, "Ghita, nimekuona ukutani kanisani." Wakacheka wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akatuonyesha jinsi huyo Maria anavyokaa: mdomo wazi, shavu juu ya shavu la maiti, mkono mmoja umeshika kisigino chake.

Meuccio, siku nilipomtoa Naldo wangu, amekwisha kufa maji, kwenye pipa la baba yake la kutilia nguo rangi, tulikuwa watatu uani. Bindo alikuwa ameegemea ukuta, ametugeuzia mgongo. Wewe ulisimama mlangoni. Miaka minne yote nimeamini ulikuwa unalia.

Kumbe ulikuwa unatazama?

Ifute.

Dada yako,
Ghita

Gubbio, katikati ya Mei

Dada yangu,

Hata sijui nikuamkieje. Nilikuwa nalia, na nilikuwa natazama. Sijui kufanya moja bila jingine. Mkuu aliposema Maria hajafiwa, mkono ulikwenda wenyewe, na nilipojua ni wewe, nilikuwa nimekwisha kumaliza.

Nilimwendea Mkuu nikamweleza yote. Alisikitika kwelikweli. Lakini akaniambia kuna mjane hapa aliyewazika binti zake wawili, akanyamaza mwaka mzima, na sauti yake imetoka mbele ya ukuta ule. "Nimwambie nini yule?" akaniuliza. 

Jumamosi nikachukua nyundo. Wanawake wakanizunguka. Hawakunipiga, dada. Walinishika mikono polepole, kama unavyomshika mgonjwa anayetaka kutoka kitandani. Kuosha hakusaidii, rangi imekauka pamoja na lipu, imekuwa ukuta. Na sasa watawa wamenikataza kuingia kanisani.

Nisamehe, ingawa sijui utaanzia wapi.

Mdogo wako,
Meuccio

Perugia, Julai

Dada Ghita,

Tangu nihamie huku kutafuta kazi nimekuandikia mara mbili bila kupata jibu. Leo imefika barua ya shemeji. Anasema uliondoka siku ya Mtakatifu Yohana bila kuaga, na ananiuliza mimi uko wapi. Mzima? Umekula? Nijibu hata neno moja.

Meuccio

Gubbio, Agosti

Meuccio,

Nakula. Nimepanga kitanda kwa muuza mishumaa.

Nilikuja na jiwe mfukoni. Nilipoingia, wanawake walikuwa wamepiga magoti, na mmoja akanisogezea nafasi. Hakunitambua. Hakuna anayenitambua hapa. Ule uso sijauvaa tena tangu siku ile. Akaniuliza tu, "Na wewe ulimzika nani?"

Nikasema, Naldo.

Akalirudia jina. Wa pembeni akalirudia, likapita mstari mzima, wakalitia katika sala zao. Nyumbani halitajwi. Bindo hawezi kulitaja, nami nilikwisha kumzoea hivyo.

Kila asubuhi najiambia leo narudi Siena, nipite kanisani kuaga tu. Mpaka jioni nipo. Bindo alikisia nilipo, akamtuma mtu na punda kunichukua, naye ndiye aliyeniletea barua yako. Leo ni siku yake ya tatu amekaa kwenye ngazi za nje, hajui anilazimishe au anisubiri, na mimi sijui nimwambie nini.

Kukuchukia nimeshindwa. Kukushukuru pia nimeshindwa. Usije, Meuccio. Ukija utanitazama.

Mama Naldo